Nguvu ya Ndege za Vita: Katanga Ilitufundisha Nini?

Hivi karibuni tulikuwa wageni katika nyumba moja ya Makomeno, mtaa wa mji wa Lubumbashi. Baada ya chakula cha jioni tuliketi barazani pamoja na mzee mwenye nyumba. Mjukuu wake, mtoto wa miaka kama tisa, alikuwa akikimbia uani na ndege aliyoiunda kwa mikono yake, waya na vipande vya kopo. Alipochoka alikuja kusimama mbele yetu kwa adabu, akauliza: "Nkambo, si kweli kwamba nchi yenye ndege nyingi ndiyo inayoshinda vita sikuzote?" Nkambo ndilo jina ambalo watoto wa Katanga huwaitia babu na bibi zao.

Mzee alitutazama sisi, kisha akamtazama mtoto. "Keti hapa, baba," akamwambia. Katika mwaka 1961 mzee huyo alikuwa na umri kama wa mjukuu wake, naye alikaa na wazazi wake katika komini ya Kenya, upande mwingine wa mji. "Mimi nilizisikia ndege kabla sijayajua majina yake," akasema. "Ilipita ndege kwanza, kisha ndipo sauti yake ikatufikia. Mama alitusukuma sote chini ya kitanda, kana kwamba kitanda kingeweza kulizuia bomu."

Zaidi ya hayo hakusema, na mtoto hakupata jibu lake. Lakini swali lile tuliondoka nalo. Watoto wengi huliuliza, na watu wazima nao huliuliza kila wasikiapo habari za vita redioni. Tena ni vigumu kupata mji unaofaa kulijibu kuliko mji huu wenyewe, ambao zamani uliitwa Elisabethville. Kwa hiyo tumeona vema kuyakusanya hapa mambo yaliyotokea, tuone pamoja ndege ya vita yaweza nini, na haiwezi nini.

NDEGE MOJA TU

Kongo ilipata uhuru wake tarehe 30 Juni 1960. Hata wiki mbili hazijatimia, tarehe 11 Julai, Bwana Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na kuwa nchi peke yake. Umoja wa Mataifa ulileta majeshi Kongo mwezi ule ule. Mwaka mmoja ulipita katika mazungumzo na mabishano. Hatimaye, alfajiri ya tarehe 13 Septemba 1961, majeshi hayo yalianza kuishika mijengo ya serikali ya Katanga mjini Elisabethville, na mapigano yakawaka.

Sasa fikirini hesabu ya nguvu za pande mbili. Umoja wa Mataifa ulikuwa na maelfu ya askari kutoka nchi nyingi, magari ya chuma, na ndege kubwa za kuchukulia watu na mizigo. Ndege ya kupigana haukuwa nayo hata moja. Katanga nayo ilikuwa imepata ndege tatu za jeti zilizoundwa Ufaransa, ziitwazo Fouga Magister. Moja ilianguka na kuvunjika. Ya pili ilikamatwa katika kiwanja cha ndege cha Elisabethville. Ikabaki moja, nayo iliruka kutoka Kolwezi.

Tena Fouga hiyo haikuundwa kwa vita. Iliundwa kwa kuwafundishia marubani wanafunzi. Ina viti viwili, injini mbili ndogo, na mkia wenye umbo la herufi V. Mwendo wake ni kama kilomita 700 kwa saa, jambo lililokuwa dogo kwa ndege za jeti za siku zile. Waliifunga bunduki mbili za rasharasha na kuitundikia mabomu madogo chini ya mabawa, wakamweka ndani yake rubani mzungu aliyelipwa mshahara. Ndiyo yote.

Hata hivyo, kwa muda wa juma moja, ndege hiyo moja ya shule iliwatia hofu askari wa mataifa. Iliziteketeza ndege za uchukuzi zilizokuwa zimesimama viwanjani. Iliyashambulia magari njiani. Ndege za Umoja wa Mataifa zikaanza kusafiri usiku, kwa maana mchana anga ilikuwa na mwenyewe.

ASKARI WA JADOTVILLE

Habari inayojulikana zaidi ya siku hizo ni ile ya Jadotville, mji ambao leo waitwa Likasi, kama kilomita 120 kutoka Lubumbashi. Huko kikosi kimoja cha askari wa Ireland, wapatao 155, chini ya Kamanda Pat Quinlan, kilizungukwa na jeshi la Katanga lililowazidi sana kwa wingi. Walikuwa wamechimba mahandaki mapema, nao walipigana kwa ushujaa tangu tarehe 13 Septemba.

Fouga iliwajia mara kadhaa, ikawapiga risasi na kuwatupia mabomu. Baadhi yao walijeruhiwa, na magari yao yakaharibika. Lakini hakuna Mwirlandi hata mmoja aliyekufa Jadotville. Mtu aliyefukia kichwa chake vizuri ndani ya udongo ni shabaha ngumu kwa rubani apitaye mbio.

Basi, kwa nini walishindwa? Wenzao walitumwa kutoka Elisabethville kuwasaidia, ila barabara hupita juu ya daraja la mto Lufira, na askari wa Katanga walikuwa wamelifunga daraja hilo. Msafara uliojaribu kupita ulipigwa risasi kutoka ng'ambo, nayo Fouga ikaupiga kutoka juu, barabarani, mahali pasipo na pa kujificha. Huko ndiko ilikoua na kujeruhi. Msafara ukarudi nyuma. Helikopta moja ilifaulu kutua Jadotville na maji, lakini madebe yake yalikuwa yamewahi kutiwa mafuta, na maji yale hayakunyweka. Tarehe 17 Septemba, bila maji, bila chakula, na risasi zikiwa zimekwisha, Wairlandi waliweka silaha chini.

Hapa twaona somo la kwanza. Ndege haikuuteka mji wa Jadotville wala haikuwatoa askari mahandakini. Kazi yake ilikuwa kukata njia: isipite risasi, usipite mkate, lisipite tone la maji. Waliobaki kungoja chini walifanya mengine. Askari hodari aliyekatiwa njia ni kama taa iliyokatiwa mafuta. Yaendelea kuwaka kwa kitambo, kisha yazimika.

HOFU ILIYOGEUZA SAFARI

Usiku ule ule wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Bwana Dag Hammarskjöld, alisafiri kutoka Léopoldville kwenda Ndola, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akutane na Tshombe na kutafuta amani. Kwa kuiogopa ndege ya Katanga, rubani wake alisafiri gizani na kuzunguka mbali upande wa mashariki badala ya kufuata njia iliyonyooka. Ndege ilianguka msituni karibu na Ndola. Watu kumi na sita walikuwamo. Kumi na watano walikufa hapo; mmoja aliyebaki hai alifariki siku chache baadaye.

Mabishano juu ya chanzo cha ajali hiyo hayajakoma tangu siku ile. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimpa kazi ya kuchunguza upya mtu wa Afrika ya Mashariki, Jaji Mohamed Chande Othman, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania. Katika taarifa yake ya mwaka 2017 alisema kwamba yawezekana ndege hiyo ilishambuliwa au kutishwa kutoka nje. Sisi hatutaki kuhukumu kabla ya wachunguzi. Lakini neno moja halina shaka: hofu ya ndege moja ilitosha kugeuza saa na njia ya msafiri mkuu kuliko wote.

Nguvu ya ndege, basi, haimo katika mabomu yake peke yake. Imo pia katika mambo ambayo watu huacha kuyafanya kwa sababu huenda ikaja. Dereva haondoki mchana. Meli ya anga haitui. Kamanda hatumi msafara. Lakini nguvu ya namna hiyo husimama juu ya jambo moja, yaani kwamba anga ya adui ni tupu. Fouga ilikuwa simba kwa kuwa hapakuwa na simba mwingine.

ANGA ILIPOPATA WENYEWE WENGINE

Umoja wa Mataifa ulilijua hilo upesi. Mnamo Septemba hiyo hiyo uliiomba Ethiopia ndege za jeti. Lakini ndege zilizotoka Ethiopia zilipaswa kupita juu ya Uganda, iliyokuwa bado chini ya Uingereza, na ruhusa ya Waingereza ikacheleweshwa hata mapigano ya kwanza yakaisha. Tazameni: ndege yaweza kuvuka milima na maziwa kwa saa chache, na barua isiyotiwa sahihi yaweza kuizuia kwa siku nyingi.

Katika Oktoba 1961 zilifika. Ethiopia ilileta ndege nne za namna ya Sabre. Sweden ilileta tano za namna ya J 29, ambayo wenyewe huiita Tunnan, yaani Pipa, kwa kuwa tumbo lake ni nene na fupi. Pipa hilo lilikwenda zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa, nalo lilikuwa na mizinga minne midogo. India ilileta ndege za Canberra, zenye kuchukua mabomu.

Hapa haifai tusahau jambo moja. Katika vita vya 1935 na 1936 ndege za Italia ziliwamwagia Waethiopia sumu ya moto kutoka angani, askari na wanavijiji pamoja, na hata hospitali za Msalaba Mwekundu zilipigwa. Waethiopia hawakuwa na anga wakati ule. Miaka ishirini na mitano baadaye nchi ile ile ilikuwa na marubani wake wa jeti, nayo ikawatuma Kongo. Waliokuwa wameonja uchungu wa anga tupu hawakuhitaji kufundishwa maana yake.

Mapigano yalipoanza tena tarehe 5 Desemba 1961, ndege za Canberra zilikwenda moja kwa moja Kolwezi, zikapiga kiwanja na ndege zilizokuwa zimeegeshwa. Tangu hapo Fouga haikuitawala anga tena.

Mwaka mmoja baadaye jambo lile lile lilifanyika kwa ukamilifu zaidi. Katanga ilikuwa imejipatia ndege nyingine na kuziweka hasa Kolwezi. Wahindi na Waethiopia walikuwa wamekwisha kuondoa ndege zao, walibaki Waswedi. Tarehe 29 Desemba 1962 Mapipa yaliruka kutoka Kamina, yakashuka chini ya mawingu mazito ya masika, yakakipiga kiwanja cha Kengere karibu na Kolwezi. Kwa siku chache tu jeshi la anga la Katanga likawa limekwisha, karibu lote likiwa lingali ardhini.

Hili ndilo somo la pili. Ndege ikiwa angani ni ya kutisha. Ikiwa chini ni dhaifu kama yai. Yahitaji kiwanja, mafuta, mafundi, vipuri, na mtu wa kuilinda usiku. Anayehesabu ndege za nchi bila kuhesabu vitu hivyo hajahesabu kitu. Ndiyo sababu vita vya anga mara nyingi huamuliwa kwa ndege zilizosimama, wala si kwa zile zirukazo.

NANI ALIUMALIZA UTENGANO?

Mtu aweza kusema: "Basi, ndege za Sweden ndizo zilizoishinda Katanga." Si hivyo kabisa. Baada ya ndege kuisafisha anga, askari wa India walitoka Elisabethville kwa miguu na kwa magari kuelekea Jadotville. Walikuta madaraja ya Lufira yamevunjwa. Ni mto ule ule uliowazuia wenzao mwaka uliotangulia. Safari hii walivuka hivyo hivyo, wakiwa hawana ndege ya adui juu ya vichwa vyao, na tarehe 3 Januari 1963 waliingia Jadotville. Tarehe 21 Januari majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliingia Kolwezi, na kujitenga kwa Katanga kukakoma.

Linganisheni safari hizo mbili. Mto ni mmoja, barabara ni moja. Mara ya kwanza anga ilikuwa ya adui, na msafara ukarudi. Mara ya pili anga ilikuwa yao, na msafara ukapita. Lakini katika safari zote mbili ilipasa mtu akanyage ardhi. Hakuna ndege iliyowahi kusimama kwenye njia panda ikauliza wapitao habari zao, wala kulinda duka usiku, wala kupokea silaha za mtu aliyechoka kupigana.

WALIOKUWA CHINI YA PAA

Mpaka hapa tumezungumza habari za askari. Lakini yule mama aliyewasukuma watoto wake chini ya kitanda hakuwa askari, nasi twaandika kwa ajili ya jamaa za nyumbani.

Katika Desemba 1961 vita vilikuwa ndani ya mji wenyewe. Watu walipigwa kwa risasi, kwa makombora na kwa ndege. Makumi ya maelfu ya wakimbizi, wengi wao Baluba, walikuwa wamepiga kambi pembeni mwa mji chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa, nao hawakuwa hata na paa la kujificha chini yake. Waganga 46 wa Elisabethville waliandika kijitabu, kilichochapwa 1962, wakiyashutumu majeshi ya Umoja wa Mataifa kwamba yalipiga hospitali, nyumba na raia wasio na hatia. Umoja wa Mataifa ulijibu kwamba askari wa Katanga walikuwa wakipiga risasi kutoka katika majumba ya raia. Shutuma na majibu hayo bado husomwa mpaka leo. Lakini wafu hawakuulizwa ni upande gani ulikuwa na haki.

Katika siku hizo hizo Uingereza iliombwa mabomu kwa ajili ya ndege za Canberra. Ilikubali kutoa 24, kila moja uzito wa kilo 450 hivi, kwa sharti kwamba yatumiwe tu juu ya ndege na viwanja vya ndege. Kisha, watu wakubwa wa siasa wakipiga kelele kwao, serikali ile ikageuza neno lake, na mabomu hayakuja. Tunalitaja jambo hilo kwa sababu sharti lenyewe lina mafundisho. Waliokuwa na mabomu walijua vizuri kwamba bomu likishaachiliwa halirudi, nalo halichagui. Ndiyo maana walitaka kulifungia kiwanjani, mbali na nyumba za watu.

Hili ni somo la tatu, nalo ni zito kuliko mengine. Ndege yaona mbali, lakini haioni ndani. Kutoka juu, paa la ghala na paa la nyumba ni bati lile lile.

KWINGINEKO AFRIKA YA MASHARIKI

Huenda msomaji akadhani kwamba mambo ya Katanga ni ya pekee. Basi tumpeleke Kagera. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuingia Tanzania. Uganda ilikuwa na ndege za MiG. Zilitumwa kulivunja daraja la Kyaka, ili Watanzania wasivuke mto Kagera. Zilirudi tena na tena, daraja likabaki limesimama. Hatimaye lilivunjwa na fundi wa migodi aliyeletwa na baruti zake, akazifunga kwa mikono.

Mwaka uliofuata Libya, iliyomsaidia Amin, ilituma ndege kubwa ya mabomu kuupiga mji wa Mwanza. Mabomu yaliukosa mji, yakaangukia hifadhi ya wanyama ya Saanane, yakaua swala. Wakati huo jeshi la Tanzania, pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, lilikuwa likisonga mbele, sehemu kubwa ya njia kwa miguu. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilikuwa imeanguka. Watu walitembea, na waliotembea ndio waliofika.

Na ulimwengu mkubwa wasema vivyo hivyo. Wajerumani waliupiga London kwa mabomu tangu Septemba 1940 hadi Mei 1941, wakidhani watu watalia na kuomba amani. Hawakuomba. Marekani ilimwaga juu ya Vietnam na nchi jirani zake mabomu mengi kuliko yale yaliyotupwa katika vita vyote vya pili vya dunia. Hata hivyo Saigon ilianguka tarehe 30 Aprili 1975.

Lakini tusiidharau ndege, maana hilo nalo ni kosa. Ina kazi nyingine ambayo hakuna chombo kingine kiiwezacho, nayo ni kubeba. Tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji zaidi ya mia tatu walishuka Stanleyville, leo Kisangani, katikati ya nchi iliyokuwa mikononi mwa waasi, wakawaokoa mateka wengi. Wengine waliuawa katika dakika za kungoja, kabla askari hawajawafikia. Tarehe 19 Mei 1978 askari wa miavuli wa Ufaransa walishuka Kolwezi, mji ule ule wa viwanja vya Fouga. Ndege ilifanya kwa saa chache kazi ambayo barabara ingeifanya kwa majuma. Ila hata huko, kazi yenyewe ilianza pale miguu ilipogusa udongo.

MAMBO YA SIKU HIZI

Siku hizi ndege za vita zina macho ya ajabu. Nyingine hazina rubani ndani yake. Mtu huziongoza akiwa mbali, ameketi mbele ya kioo. Je, masomo ya 1961 yamechakaa?

Tutazame mashariki ya nchi yetu. Katika 2013 Umoja wa Mataifa ulileta kikosi cha askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, pamoja na helikopta za kivita ziitwazo Rooivalk. Helikopta zilipiga kutoka juu, mizinga ikapiga kutoka chini, na jeshi la Kongo likapanda vilima kwa miguu. Mnamo Novemba waasi wa M23 walishindwa. Katika miaka iliyofuata kurudi kwa M23, serikali ya Kongo ilikuwa na ndege za Sukhoi, na baadaye pia ndege zisizo na rubani. Hata hivyo, mwishoni mwa Januari 2025 Goma ilitwaliwa, na kiwanja chake cha ndege pamoja nayo. Februari ikafuata Bukavu. Vilima ni vile vile. Kilichogeuka ni hali ya wale waliokuwa wamesimama juu ya vilima, na nguvu iliyokuwa nyuma ya adui zao.

Ndege isiyo na rubani imepunguza hatari kwa yule anayepiga. Haikupunguza hatari kwa yule aliye chini ya paa. Huenda hata imeiongeza, kwa sababu mtu asiyehatarisha kitu chake hupiga upesi zaidi.

JIBU KWA MTOTO WA MAKOMENO

Basi, wasomaji wapenzi, twaweza sasa kurudi barazani pale. Mtoto aliuliza kama nchi yenye ndege nyingi ndiyo ishindayo sikuzote. Jibu letu ni hili. Mwenye anga humzuia adui kutembea, humkatia chakula, humtia hofu, naye huwafungulia watu wake njia. Hayo ni makubwa, na jeshi lisilo na anga huingia vitani limefungwa mkono mmoja. Lakini ndege haikai katika mji. Haiwezi kuwapatanisha waliogombana, wala kuwarudisha wakimbizi mashambani kwao. Aliyedhani kwamba ataimaliza vita kutoka juu peke yake, mara nyingi ameirefusha.

Tena wazazi wasione vibaya watoto wao wakipenda ndege. Mtoto anayekunja waya mpaka ukafanana na bawa anajifunza ufundi, na Kongo, nchi pana yenye mito mingi na barabara chache, yahitaji marubani na mafundi wa ndege kuliko nchi nyingi. Yahitaji ndege zenye kupeleka dawa na walimu, na kumfikisha mgonjwa hospitali kabla hajafa njiani. Mtoto aelezwe tu ukweli wote, wala asielezwe nusu. Aambiwe habari za rubani, aambiwe pia habari za waliokuwa chini ya kitanda.

Tulipoaga usiku ule, yule mtoto alitusindikiza mpaka kwenye lango, ndege yake mkononi. Mzee alimwita, akaichukua, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa taa. "Umeiwekea mabawa mazuri," akasema, "umeiwekea na bunduki. Lakini mlango uko wapi? Watu watapandia wapi?" Mtoto aliitazama kwa muda. Kisha akaketi pale pale chini, akaanza kuung'oa waya wa bunduki ili apate wa kutengenezea mlango.